Mvua inapomnyamazisha mwalimu: Kasese na Bwera zinahitaji wasanifu majengo wanaoijua sauti

Muhula wa tatu katika shule za Uganda huangukia majira ya mvua. Kuanzia Septemba hadi Novemba mawingu hushuka kutoka milima ya Rwenzori baada ya chakula cha mchana, na vilima vinavyoizunguka Bwera hupotea ndani ya ukungu. Matone ya kwanza yakigonga bati, mwalimu hupandisha sauti. Mvua ikikolea hupaza zaidi, kisha hugeukia ubao na kuanza kuandika. Muda si mrefu chaki huwekwa chini, kwa sababu swali la mtoto wa dawati la nyuma halifiki mbele na jibu la mwalimu halifiki nyuma. Somo limesimama. Miongoni mwa wanaosubiri mvua ipite wamo watoto wa darasa la saba, ambao mtihani wao wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Novemba.

Tumeizoea hali hii hadi tunaihesabu kuwa majaliwa. Mvua ni majaliwa, ndiyo, lakini paa limejengwa na watu. Aliyechora darasa lile aliamua, kwa kujua au kwa kutojua, kwamba kati ya mvua na sikio la mtoto patakuwa na bati tupu. Uamuzi huo unaweza kubadilishwa, na elimu ya kuubadilisha ipo. Hufundishwa katika vyuo vya usanifu majengo kwa jina la akustiki ya majengo: elimu ya namna sauti inavyozaliwa, inavyosafiri na inavyokwisha ndani ya chumba. Makala haya yanawatetea watoto wa Kasese na Bwera wanaostahili kumsikia mwalimu wao, na yanawaita vijana wa wilaya hii wakaisomee elimu hiyo.

Wilaya ya saruji na bati

Mji wa Kasese ulikua na reli. Njia ya treni kutoka Kampala ilifika hapa mwaka 1956 ikifuata shaba ya Kilembe, na kandokando yake yakaota maghala, nyumba za wafanyakazi, makanisa, misikiti na shule. Uchimbaji wa shaba ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini saruji ya Hima, inayotengenezwa ndani ya wilaya hii hii, iliendelea kutoka. Takribani kilomita 50 kusini-magharibi, Bwera na Mpondwe zimejengwa kwa haraka ya mpakani: ng'ambo ya mto ni Kasindi ya Kongo, malori yanapanga foleni, na siku za soko la Lhubiriha barabara hujaa watu na bidhaa.

Majengo ya umma ya maeneo haya yanafanana. Kuta ni za tofali zilizopigwa lipu laini ya saruji, sakafu ni ya saruji, madirisha ni ya chuma na kioo, na juu ni bati lililopigiliwa kwenye kenchi bila dari. Serikali ilipoondoa ada katika shule za msingi mwaka 1997, na kuanzisha mpango kama huo wa sekondari mwaka 2007, watoto walikuja kwa wingi na hitaji la kwanza likawa kuwapatia paa. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Bati halishiki moto, hufikika kwa lori hadi vijiji vya mlimani, na fundi yeyote hulijua. Lakini kila kitu katika orodha hiyo, kuanzia lipu hadi bati, ni kigumu na laini usoni, na vitu vya namna hiyo huirudisha sauti karibu yote. Kati ya sehemu 100 za sauti zinazogonga lipu ya saruji, takribani 97 hurudi chumbani.

Maadui wawili

Mwalimu wa Bwera anapambana na maadui wawili, na kila mmoja ana dawa yake.

Wa kwanza ni kelele. Tone la mvua likianguka juu ya bati hulitikisa, na bati jembamba lililokazwa kwenye mbao hufanya kazi ya ngozi ya ngoma: eneo lote hutetema na kuimwaga sauti chini. Mtu anayeongea kwa utulivu hutoa takribani desibeli 60 kwa anayemsikiliza akiwa umbali wa mita moja. Mvua kubwa juu ya bati tupu inaweza kupita desibeli 70. Wataalamu hushauri sauti ya mwalimu iizidi kelele ya darasani kwa desibeli 15 ili mtoto aelewe bila kujitesa, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kelele ya darasani isizidi desibeli 35 wakati wa kufundisha. Hakuna koo la binadamu linaloweza kuziba pengo hilo kwa kipindi kizima.

Wa pili ni mwangwi, na huyu hasubiri mvua. Neno likitoka kinywani mwa mwalimu humfikia mtoto moja kwa moja, kisha humfikia tena na tena baada ya kugonga ukuta, sakafu na bati. Marudio ya mapema humsaidia, kwa kuwa huliongezea neno nguvu. Yanayochelewa hulipanda neno linalofuata na kulifunika. Irabu ndizo zenye nguvu katika usemi. Konsonanti kama s, f na t ni dhaifu, na ndizo zinazotenganisha neno moja na jingine. Ukumbi wenye mwangwi mrefu huzirefusha irabu na kuzizamisha konsonanti, na msikilizaji hubaki na mvumo usio na maana.

Kwa mtoto wa Kasese jambo hili lina uzito wa pekee. Katika madarasa matatu ya mwanzo watoto wengi hufundishwa kwa lugha ya nyumbani, ambayo hapa mara nyingi ni Lhukonzo. Darasa la nne huja na mageuzi, na Kiingereza huchukua nafasi ya lugha ya kufundishia. Kiswahili nacho kinaingia shuleni baada ya Baraza la Mawaziri kukiidhinisha mwaka 2022 kuwa lugha rasmi ya pili. Mtu mzima anayesikia nusu ya sentensi katika lugha aliyoizoea huijaza nusu iliyobaki kwa kukisia. Mtoto anayejifunza lugha mpya hana hazina ya kukisia. Asilolisikia limempita.

Mwalimu wa fizikia na mito ya kukalia

Elimu ya akustiki ya majengo ilizaliwa kutokana na shida inayofanana na yetu. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilikuwa na jengo jipya la makumbusho ya sanaa la Fogg, lenye ukumbi wa mihadhara ambao haukufaa kwa mihadhara. Neno moja liliendelea kuvuma kwa zaidi ya sekunde 5, na wakati huo mhadhiri alikuwa ameshasema mengine kumi. Kazi ya kuurekebisha alipewa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine.

Sabine alifanya kazi usiku, mji ulipotulia. Alipiga sauti ya filimbi ya kinanda, akaizima, kisha akapima muda uliopita hadi sikio lisisikie kitu tena. Aliazima mito ya kukalia kutoka Sanders Theatre iliyo karibu, akaipanga ukumbini kidogo kidogo, akapima upya kila mara, na kabla ya asubuhi mito ikarudishwa. Kutokana na usiku nyingi za namna hiyo alipata kanuni ambayo wanafunzi wa usanifu majengo wanaitumia hadi leo: chumba kikiwa kikubwa mwangwi hurefuka, na vitu vinavyofyonza sauti vikiongezeka mwangwi hufupika. Ujuzi huo ulitumika kuusanifu ukumbi wa muziki wa Symphony Hall mjini Boston, uliofunguliwa mwaka 1900 na ambao bado unahesabiwa miongoni mwa kumbi bora duniani.

Kipimo alichokitumia Sabine kingeeleweka na fundi yeyote wa Bwera: dirisha lililo wazi. Sauti ikitoka dirishani hairudi, kwa hiyo mita moja ya mraba ya dirisha wazi hufyonza sauti yote inayoifikia. Mto, pazia, mkeka au mwili wa mtu hupimwa kwa kuulizwa unalingana na dirisha wazi la ukubwa gani.

Hesabu ya darasa moja

Tuchukue darasa la kufikirika lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 7 na kimo cha mita 3. Ujazo wake ni mita za ujazo 168. Kanuni ya Sabine husema: zidisha ujazo kwa 0.161, kisha gawa kwa jumla ya ufyonzaji. Jibu ni sekunde ambazo sauti huchukua kufifia hadi kupotea.

Sakafu, paa na kuta za darasa hilo zina jumla ya mita za mraba 202. Kila sehemu ikifyonza asilimia 3 tu, ufyonzaji wote ni sawa na dirisha wazi la mita za mraba 6. Chumba kitupu kilichofungwa kitakuwa na mwangwi wa sekunde 4 na nusu hivi. Tufungue madirisha yenye jumla ya mita 4 za mraba: mwangwi unashuka hadi sekunde 2.7. Tuwaingize watoto 60, tukimhesabia kila mmoja theluthi ya mita ya mraba hivi: unafika karibu sekunde 1. Shirika la Afya Duniani linashauri sekunde 0.6 kwa darasa.

Sasa tutundike dari inayofyonza nusu ya sauti inayoipiga, juu ya eneo lote la mita 56 za mraba. Mwangwi unashuka hadi sekunde 0.5. Kuta zimebaki zilezile, sakafu ni ileile, na mwalimu hajaongezewa kipaza sauti. Kilichobadilika ni sehemu moja ya jengo, ile ambayo bajeti za shule huikata kwanza.

Kumbi za ibada na spika kubwa

Makanisa, misikiti na kumbi za harusi za Kasese zina tatizo hilohilo kwa ukubwa zaidi. Ukumbi wa ibada wenye urefu wa mita 30 hulifikisha neno la mhubiri kwenye ukuta wa nyuma na kulirudisha mbele baada ya safari ya mita 60. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo marudio hayo huchelewa kwa karibu moja ya sita ya sekunde. Sikio hulisikia hilo kuwa neno la pili. Mhubiri hujisikia mwenyewe akimjibu, na waumini wa mbele husikia mahubiri mawili yaliyopishana. Kuba nalo, kwa uzuri wake wote, hukusanya sauti na kuirundika mahali pamoja, huku upande mwingine wa ukumbi ukibaki na njaa.

Dawa ambayo kamati nyingi huikimbilia ni spika kubwa zaidi. Fedha huchangwa, spika mbili ndefu husimamishwa mbele, na Jumapili ya kwanza watu hufurahia nguvu yake. Baadaye hugundua kwamba maneno hayajawa wazi. Sababu ni rahisi: spika huiongeza sauti ya mhubiri na mwangwi wake kwa kipimo kilekile. Majirani ndio wanaopata sehemu kubwa ya ongezeko hilo, na Uganda ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2003 zinazowapa haki ya kulalamika. Msanifu mwenye ujuzi angeanza na ukuta wa nyuma, aufunike kwa kitu kinachofyonza sauti, kisha aweke dari. Kama spika bado zinahitajika, angetumia ndogo kadhaa zilizo karibu na waumini, zikitazama chini kwenye viti na kupigwa kwa sauti ya wastani. Faida yake hudumu kwa umri wa jengo.

Hapa ndipo methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta inapopata maana yake halisi. Katika hatua ya mchoro, kubadili umbo la ukuta wa nyuma ni kazi ya kifutio. Jengo likishasimama, ni kazi ya nyundo, jukwaa la mafundi na mchango mpya wa waumini.

Watu wa milimani wanaijua sauti

Wakonzo hawakusubiri Harvard ili waijue sauti. Ndara, marimba yao makubwa, hupangwa kwa vipande vya magogo juu ya migomba iliyolazwa chini, na wachezaji kadhaa huketi pande mbili na kuipiga kwa pamoja. Mgomba ni laini na umejaa maji. Hulishika gogo bila kuizima mitetemo yake. Aliyeuchagua mgomba badala ya jiwe au ubao mgumu alikuwa anasuluhisha swali la akustiki. Anayezichonga funguo hizo huendelea kupunguza mti kidogo kidogo na kusikiliza hadi sauti inapokaa mahali pake.

Ndara hupigwa nje, uwanjani, mahali ambapo sauti huenda na hairudi. Ukiuhamishia muziki huo ndani ya ukumbi wa saruji, mapigo ya haraka hugandamana na ustadi wa wachezaji haujulikani tena. Ufalme wa Rwenzururu, wa watu hawa wa milimani, ulitambuliwa rasmi na serikali mwaka 2009, na utamaduni wa Wakonzo unahitaji kumbi zinazoustahili. Anayeweza kuusanifu ukumbi wa namna hiyo ni mtu aliyesikia ndara utotoni na kujifunza kanuni ya Sabine ukubwani. Mtu huyo anaweza kuwa sasa hivi kidato cha tatu mjini Bwera.

Njia ya chuoni

Mafunzo ya chuo katika fani hii yana historia fupi Afrika Mashariki. Chuo cha Ufundi cha Kifalme cha Nairobi, kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, kilianza kufundisha usanifu majengo mwaka 1956, mwaka uleule reli ilipofika Kasese. Kwa miongo mitatu Mganda aliyetaka fani hiyo alilazimika kwenda huko au ng'ambo. Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha shahada yake ya usanifu majengo mwaka 1989, na leo huchukua miaka 5. Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs huko Nkozi kinafuata njia ya hatua mbili: miaka 3 ya shahada ya kwanza, kisha miaka 2 ya uzamili. Tanzania ina Chuo Kikuu cha Ardhi, Dar es Salaam. Baada ya masomo huja miaka ya kazi chini ya msanifu mzoefu na usajili kwenye bodi ya wasanifu ya Uganda, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Ni safari ndefu, na kwa kijana wa Kasese huanza kwa zaidi ya kilomita 300 za barabara, pamoja na gharama za kompyuta, karatasi kubwa na vifaa vya kutengenezea mifano.

Moyo wa mafunzo hayo ni studio. Mwanafunzi hupewa eneo na hitaji, huchora, hutengeneza mfano, kisha hubandika michoro ukutani na kuitetea mbele ya walimu. Kando ya studio kuna sayansi ya majengo: mwanga, joto, hewa na sauti. Mpango huo una udhaifu mmoja, nao uko katika shule nyingi za usanifu duniani. Mchoro huonyesha mwanga na kivuli, huonyesha ukubwa na umbo, lakini hauvumi. Jopo la walimu linaweza kukisifu chumba ambacho hakuna atakayeweza kuongea ndani yake. Mwanafunzi hufaulu mtihani wa sauti kwa kukariri kanuni, kisha hurudi studio na kuchora ukumbi wa kioo na saruji.

Tiba yake ni kupeleka somo la sauti ndani ya studio na kuipeleka studio mahali penye shida. Vifaa vya kuanzia havihitaji fedha nyingi: puto, mkanda wa kupimia, kompyuta ya mkononi na kinasa sauti kizuri. Mwanafunzi hulipasua puto katikati ya chumba kitupu, hurekodi mlio hadi ukimya, na programu humchorea mstari unaoonyesha sauti inavyoshuka. Hurudia akiwa kwenye pembe, mlangoni, mahali pa mwalimu. Halafu watoto huingia, naye hupima tena. Siku ya mvua hukaa dawati la nyuma, husikiliza orodha ya maneno yanayotamkwa mbele, huhesabu aliyoyapata. Anayefanya kazi hiyo katika madarasa kumi ya Bwera atarudi chuoni na maarifa ambayo hakuna kitabu cha London kitakachompa, na hataweza tena kuchora darasa bila dari.

Fort Portal, takribani kilomita 75 kutoka Kasese, ina Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, ambacho sasa ni cha umma. Ushirikiano wa chuo hicho na vitivo vya Makerere na Nkozi ungewapa wanafunzi wa usanifu kambi ya kazi mguuni mwa Rwenzori, na kuwapa vijana wa hapa nafasi ya kuiona fani hii kwa macho yao kabla ya kujaza fomu za kuombea chuo.

Mafunjo, pamba na udongo

Msanifu anayejenga Kasese hana ruhusa ya kufikiria sauti peke yake. Wilaya imekaa ndani ya Bonde la Ufa. Tetemeko la tarehe 20 Machi 1966 liliua zaidi ya watu 100 katika eneo hili la magharibi na kuliharibu Kanisa Kuu la Virika huko Fort Portal, na jingine lilitikisa eneo hilohilo Februari 1994. Mto Nyamwamba ulifurika tarehe 1 Mei 2013 na tena Mei 2020, ukabomoa nyumba na kuitesa hospitali ya Kilembe. Mjini Kasese jua ni kali, na darasa lililofungwa madirisha halikaliki.

Kwa hiyo suluhisho la nchi za baridi, paa zito la zege juu na madirisha ya kioo maradufu, halifai hapa. Kinachohitajika ni kitu chepesi, kilichofungwa imara, kinachoruhusu hewa. Mafunjo yanaota kwa wingi kandokando ya Ziwa George, na wafumaji wa mikeka wapo. Pamba inalimwa wilayani. Nyuzi za migomba haziwezi kuisha Bwera. Vyote hivyo vina vijitundu vingi, na sauti ikiingia kwenye vijitundu hupoteza nguvu yake kwa msuguano. Mkeka mwembamba uliobandikwa moja kwa moja kwenye bati hufyonza kidogo, hasa sauti nyembamba. Ukiushusha kiganja kimoja au viwili chini ya bati na kulaza nyuzi juu yake, huanza kuzishika na sauti nzito.

Kufyonza na kuzuia ni kazi mbili tofauti, na hapo ndipo ujuzi wa chuo unapohitajika. Vijitundu hufyonza mwangwi. Uzito huzuia kelele ya mvua. Dari ya mafunjo itaufupisha mwangwi vizuri, lakini mvua kubwa itaipita kwa kiasi. Ukiongeza tabaka jembamba la udongo juu ya fito, au ukibandika chini ya bati kitu cha kulizuia lisitetemeke, kelele hupungua zaidi. Udongo huo uwe mzito kiasi gani kabla haujawa hatari siku ya tetemeko? Swali hilo lina jibu la hesabu, na anayepaswa kulitoa ni msanifu akishirikiana na mhandisi.

Moto nao haupuuzwi. Mpondwe haijasahau usiku wa 16 Juni 2023, shule ya sekondari ya Lhubiriha iliposhambuliwa na waasi, bweni likachomwa na zaidi ya watu 40 wakauawa. Mkeka mkavu usiotiwa dawa haufai juu ya vichwa vya watoto waliolala. Mafunjo yanaweza kulowekwa katika mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki, unaopunguza kasi ya moto na kuwafukuza wadudu, na hata hivyo yatumike madarasani, penye milango miwili inayofunguka nje, wala si mabwenini.

Mfano wa kututia moyo uko Burkina Faso. Francis Kéré alikuwa bado mwanafunzi mjini Berlin alipoisanifu shule ya msingi ya kijiji chake cha Gando, iliyokamilika mwaka 2001. Alitumia matofali ya udongo, akaweka dari ya matofali hayo hayo, kisha akaliinua paa la bati juu yake likae peke yake na kupitisha hewa. Lengo lilikuwa kupunguza joto. Tabaka zito kati ya bati na watoto ni jambo lilelile linalohitajika dhidi ya mvua. Mwaka 2022 Kéré alipewa tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote katika fani hii, akiwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Alianza na shule ya nyumbani, akiwa hajamaliza masomo.

Nani afanye nini

Kamati ya shule inayojenga mwaka huu inaweza kuanza na uamuzi mmoja: dari iwe sehemu ya jengo kwenye makadirio ya kwanza, pamoja na msingi na paa. Ikiwa kiwanja kiko kando ya barabara ya Mpondwe, madarasa yageuzwe ili madirisha makubwa yatazame upande wa pili, na jiko, stoo na ofisi zikae upande wa malori. Mstari wa miti huleta kivuli, lakini haupunguzi kelele sana. Ukuta usio na matundu hupunguza.

Wilaya ina chombo tayari. Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya mwaka 2013 imeweka kamati za ujenzi zinazopitia michoro kabla ya kuitolea kibali. Kamati hizo huuliza kuhusu msingi, vyoo na njia za kutokea. Ziulize pia swali la nne: chumba hiki cha watu 60, 300 au 1,000 kitasikikaje, watu wakiwamo na mvua ikinyesha? Msanifu anayejua kwamba ataulizwa atakuja na jibu.

Vyuo vikuu navyo vilete wanafunzi wao hapa, wapime, na matokeo ya vipimo vyao yaachwe shuleni yalikotoka, kwa lugha ambayo mwalimu mkuu na fundi wanaielewa. Na walimu wa fizikia wa Kasese na Bwera wana kazi wanayoweza kuianza wiki ijayo. Kanuni ya Sabine inahitaji kuzidisha, kujumlisha na kugawa tu. Wanafunzi wa kidato cha tatu wanaweza kupima urefu, upana na kimo cha darasa lao, wakapata ujazo, wakakokotoa mwangwi, kisha wakapeleka hesabu hiyo kwa kamati ya shule pamoja na bei ya dari. Kamati italazimika kuijibu, kwa sababu itakuwa imeletwa na watoto wenyewe wanaokosa kusikia, ikiwa na tarakimu zinazoweza kukaguliwa. Na mmoja wa wanafunzi hao, akishaona kwamba hesabu yake imebadilisha paa la shule yake, atajua ni fomu gani ya chuo anayopaswa kuijaza.